Bunduki Kuukuu za Vita na Wale Wanaozisoma

Bunduki ya askari haikuundwa kwa ajili ya pambo, kama jambia la fedha ukutani au upanga wa sultani. Iliundwa kwa malaki katika karakana zilizofanya kazi usiku na mchana, akapewa mtu asiyeichagua, ikabebwa katika tope na theluji, na hatimaye, vita vilipokwisha au silaha mpya zilipobuniwa, ikapakwa mafuta mazito, ikatiwa sandukuni na kusahauliwa ghalani. Hata hivyo wako watu, hususan katika Marekani, Uswisi, Finland na Uingereza, wanaotumia siku zao za mapumziko na sehemu isiyo haba ya mapato yao kuzitafuta bunduki hizo hizo, kuzisafisha, kuzisoma chapa zake kama mwanachuoni asomavyo hati ya kale, na kisha, zikithibitika kuwa salama, kuzipeleka uwanja wa shabaha na kuzipiga.

Asili ya jambo hili ni wingi wa silaha. Vita Kuu vya Pili vilipomalizika mwaka 1945, maghala ya Ulaya yalikuwa yamefurika, na serikali zilizokuwa zikibadili bunduki za komeo kwa zile zinazojishindilia zenyewe hazikuwa na haja tena na zile za zamani. Wakatokea wafanyabiashara wa kuzinunua kwa shehena, na aliyepata sifa kuliko wote ni Samuel Cummings, Mmarekani aliyeasisi kampuni ya Interarms mwaka 1953, ambaye maghala yake ya Alexandria katika jimbo la Virginia yalijaa bunduki za kila taifa, zikiuzwa kwa raia kwa bei ambayo hata kibarua aliimudu. Mnunuzi aliandika barua, akatia fedha ndani yake, na baada ya siku chache akaletewa bunduki kwa posta mpaka mlangoni.

Njia hiyo rahisi ndiyo aliyoipitia Lee Harvey Oswald mwezi Machi 1963, alipoagiza kwa jina la uongo, kutoka duka moja la Chicago, bunduki ya Kitaliano aina ya Carcano pamoja na darubini yake kwa dola 19 na senti 95. Na tarehe 22 Novemba mwaka ule ule Rais John Kennedy akauawa kwayo mjini Dallas. Mwaka 1968 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyokomesha biashara hiyo ya posta na kuzuia masalio ya majeshi ya kigeni yasiingizwe nchini, na ikapita miaka 16 kabla mlango haujafunguliwa tena, mwaka 1984, kwa zile silaha zinazohesabiwa kuwa tunu za kale, yaani aghalabu zilizotimiza umri wa miaka 50. Wako wakusanyaji wanaoilalamikia sheria ile mpaka leo. Mimi naona ilistahili, kwa sababu bunduki ya kale, maadamu mtutu wake u mzima, huua sawasawa na ya jana, na mwenye kuipenda tunu yake hapotezi kitu akijulikana jina na anwani.

Miongoni mwa bunduki zote hizo, iliyowavuta watu wengi zaidi katika mapenzi haya ni ile ya Kirusi iitwayo Mosin-Nagant, ambayo jina lake limetokana na Sergei Mosin, ofisa wa jeshi la Mfalme wa Urusi, na Mbelgiji Léon Nagant, ambao fikra zao ziliunganishwa mwaka 1891. Ziliundwa zaidi ya milioni 30, na mwanzoni mwa karne hii bado mtu wa kawaida nchini Marekani aliweza kujipatia moja kwa dola zisizozidi 100. Bei imepanda mno tangu hapo, maana masanduku yale hayaji tena kama zamani.

Tuseme basi sanduku limefika, na karatasi yake imefunuliwa mezani. Kitu cha kwanza unachokiona ni grisi, yenye rangi ya asali iliyoungua, iliyoingia katika kila ufa wa mti na kila tundu la chuma, na harufu yake hubaki mikononi siku mbili. Kuiondoa ni kazi ya subira, kwa maji ya moto, mafuta ya taa na matambara mengi, na hakuna pembe inayotaka uangalifu kuliko chemba, yaani pale risasi inapolala, kwa kuwa grisi iliyogandamana humo hulainika kwa joto baada ya mapigo machache, ikalishika ganda la risasi kama ulimbo, hata mpigaji akalazimika kuligonga komeo kwa kipande cha mti ndipo lifunguke. Wengi wameitukana bunduki na kuiita mbovu, kumbe kosa ni la mwoshaji.

Grisi ikishatoka, ndipo maandishi yanapojitokeza. Juu ya mtutu mna mwaka na chapa ya karakana: nyota yenye mshale ni ya Tula, na pembetatu yenye mshale ni ya Izhevsk. Kisha kuna nambari, na hapa ndipo mkusanyaji anapoinama na taa yake, kwa kuwa nambari hiyo hiyo huandikwa mtutuni, katika komeo, katika kifuniko cha chini cha kasha la risasi, na katika bamba la chuma linalofunika kitako. Zikiwiana, na mkono wa mpiga chapa ukiwa mmoja, bunduki ile imekaa na viungo vyake vyote tangu ilipozaliwa. Lakini ikiwa nambari ya zamani imekatwa kwa mstari na nyingine kugongwa kando yake, imepita katika karakana za Kisovieti baada ya vita, zilikovunjwa bunduki kwa maelfu, zikatengenezwa na kuunganishwa upya. Iliyoandikwa mwaka 1942 au 1943 aghalabu ina michirizi ya patasi ya mashine juu ya chuma chake, ambayo unaihisi kwa ncha ya kidole, ilhali ile ya kabla ya vita imesuguliwa ikawa laini kama kauri. Fundi wa mwaka 1942 hakukosa ujuzi. Adui alikuwa amekwisha kuingia ndani ya nchi, na muda wa kung'arisha haukuwapo.

Wafini walizitumia bunduki za asili hiyo hiyo, wakizirithi na kuziteka kutoka kwa Warusi, wakazitia mitutu mipya iliyo bora zaidi, na baadaye wakagonga herufi SA ndani ya kisanduku, kuonyesha kuwa ni mali ya jeshi la Finland. Hata ikawa bunduki moja kubeba mhuri wa Mfalme wa Urusi na wa wale waliopigana na warithi wake. Uswisi nako kuna jambo linalonigusa zaidi. Ukifungua skrubu mbili za bamba la kitako la karabini ya mwaka 1931, ambayo komeo lake huvutwa moja kwa moja bila kuinuliwa, pengine utakuta kijikaratasi kilichokunjwa, chenye jina la askari aliyekabidhiwa, kikosi chake na mji wake. Mtu yule huenda hakupiga risasi hata moja kwa adui. Alikaa na bunduki yake nyumbani kama desturi ya nchi yao, akaifuta kila Jumapili, akaizeekea.

Kuzipiga bunduki hizi kuna adabu zake, na asiyezijua atajidhuru. La kwanza ni kupima nafasi iliyopo baina ya uso wa komeo na kitako cha risasi, kwa vipimo maalumu vya chuma; ikizidi, ganda laweza kupasuka, na moto wa baruti ukamrudia mpigaji usoni. La pili ni chumvi. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zina fataki zilizotiwa kloreti, ambayo ikishawaka huacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu wa hewa, na mafuta peke yake hayaiondoi. Shurti maji ya moto yamiminwe mtutuni jioni ile ile, ukaushwe, ndipo upakwe mafuta, la sivyo kutu itautafuna kwa siku chache. Halafu kuna ajabu moja ya Mosin ambayo huwashangaza wanaoanza: vilengeo vyake vilirekebishwa karakanani singe ikiwa imefungwa mdomoni, kwa sababu askari wa Kirusi alitakiwa kupiga akiwa nayo, basi mtu akiipiga bila singe huona risasi zake zikienda kando ya shabaha, naye akadhani macho yake yameharibika. Na teke lake begani si la mzaha.

Walakini adui mkubwa wa bunduki hizi hakuwa kutu wala chumvi. Alikuwa mwenyewe aliyezinunua. Baada ya vita, maelfu kwa maelfu ya watu walizikata mbao ili zifanane na bunduki za kuwindia swala, wakafupisha mitutu, wakasugua chapa zote kwa msasa na kupaka vanishi ing'aayo. Kila aliyefanya hivyo alidhani anaipamba, kumbe alikuwa akifuta ushahidi usioweza kuandikwa tena.

Na ushahidi wenyewe unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, waliopigana Tanga mwezi Novemba 1914, ambao lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili, wengi wao walikuwa na bunduki za Mauser za mfano wa 1871, zenye kupakia risasi moja moja ya milimita 11 na kutoa moshi mzito uliomfichulia adui mahali alipo mpigaji. Ushindi wao uliwapatia bunduki mpya za Kiingereza na risasi 600,000. Mwezi Aprili 1915 meli iliyojifanya ya Kidenishi ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki zipatazo 1,800, ikapigwa mizinga na Waingereza. Shehena ikaopolewa, na risasi zilizorowana maji ya bahari zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Tarehe 25 Novemba 1917 askari wale wakavuka mto Ruvuma, wakaiteka kambi ya Wareno pale Ngomano, na wakabadili silaha zao kwa bunduki za Mauser-Vergueiro za mfano wa 1904, ambazo Wareno wenyewe walikuwa wameziagiza kutoka Berlin. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, bunduki zao karibu zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno.

Mkusanyaji wa Lisbon au wa Ohio akiipata Vergueiro leo, kwanza hutazama kama bado ina mtutu wake wa milimita 6.5, kwa maana mwaka 1939 nyingi zilibadilishwa zipokee risasi ya Kidachi ya 7.92. Yeye huyajua hayo kwa sababu nambari zipo na zimeandikwa. Huku kwetu tunayo sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 na singe yake ikielekea bandarini, lakini za bunduki zenyewe tunajua machache mno. Sheria zetu hazimruhusu mtu kukaa na silaha bila kibali, na anayeiokota shambani au kuikuta darini kwa babu yake hana budi kuipeleka polisi. Lakini ewe uliyekabidhiwa kuitunza, katika nyumba ya makumbusho au ghala la serikali, nakusihi usianze kwa msasa wala kwa rangi: chukua karatasi, uandike kila nambari na kila chapa uionayo, na mahali ilipogongwa.