Njia ya Barafu

Huko Ujerumani, chini ya milima mirefu, kuna ziwa liitwalo Königssee. Kando yake watu walijenga njia ya barafu. Ilishuka mlimani kama mfereji mkubwa, ikipinda huku na huku. Wachezaji waliteleza ndani yake kwa vigari visivyo na magurudumu. Wengine walilala chali, miguu mbele. Wengine kifudifudi, kichwa mbele. Hao walikuwa na moyo mgumu kweli! Mwendo wao ulipita kilometa 100 kwa saa.

Zamani wachezaji walingojea baridi kali. Jua likiwaka, barafu iliyeyuka, na mchezo ulikwisha. Basi mwaka 1968 ikajengwa njia hii ya Königssee, ya kwanza duniani kugandishwa kwa mashine. Ndani ya simenti yalitiwa mabomba. Mashine ilipitisha humo amonia baridi sana. Amonia ilipogeuka mvuke, ilinyonya joto la simenti. Kisha watu walinyunyiza maji kidogo kidogo, nayo yakaganda.

Mwezi wa Julai 2021 mvua kubwa ilinyesha. Maji, matope na mawe yakaporomoka kutoka mlimani, yakavunja sehemu kubwa ya njia. Majira ya baridi yalipofika, wachezaji walikwenda kushindana mahali pengine.