Acha kuandika "inapiga gemu zote": nilivyoingia hasara kwa kompyuta tatu za Ukerewe

Mimi nauza kompyuta za mtumba hapa Mwanza. Duka ni chumba kimoja tu Mabatini, ila wateja wengi wananipata Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Nimeishia form four, haya mambo ya kompyuta nimejifunzia YouTube na kwa kufungua mashine mbovu za watu. Leo naongelea posti yangu moja, maana kila siku naona wenzangu wanaandika maneno yale yale niliyoandika mimi.

Niliandika hivi: "PC ya gemu, Core i5, RAM 8, inapiga gemu zote, bei ya kutupa."

Akaja DM kaka mmoja wa Nansio, kule Ukerewe. Anataka kufungua chumba cha gemu karibu na mwalo, vijana wakitoka kuvua wacheze kwa kulipia. Akauliza, "Dogo, GTA V inakubali?" Nikamjibu, "Inakubali kaka, wewe tu." Ukweli ni kwamba sikuwahi kuijaribu hata siku moja. Niliona wengine wanaandika, na mimi nikaandika. Akatuma hela ya mashine tatu, 960,000, nikafunga mzigo, nikaupeleka melini.

Siku ya tatu ikaingia voisi. "Dogo, hii ni gemu au ni picha za mnato?" Na video chini yake, gari linaruka kutoka hapa mpaka pale kama linatoroka. Kisha akaniambia hela ile ni mkopo wa kikundi wa dada yake, na marejesho ni kila wiki. Hapo ndipo usingizi uliniisha.

Sasa tatizo lilikuwa nini? Zile mashine ni Dell OptiPlex 7010, zile nyembamba, zina i5-3470. Prosesa yenyewe ni ya mwaka 2012 lakini bado inajitahidi. Shida ni kwamba hazikuwa na kadi ya grafiki. Picha zote zilikuwa zinachorwa na HD 2500, ile iliyomo ndani ya prosesa, ambayo kazi yake ni Word na Excel. PES 2013 inacheza ukishusha setingi, San Andreas inacheza vizuri tu. GTA V, ambayo kwa PC ilitoka mwaka 2015, hapo unatafuta ugomvi.

Nikajifanya mjanja. Nikaagiza Dar kadi tatu za mtumba, GTX 750 Ti, 90,000 moja. Hii kadi ni ya 2014 lakini kwa mashine za ofisi ni rafiki sana, inakula kama wati 60, na nyingi hazihitaji waya wa ziada wa umeme kwa sababu sehemu inapochomekwa inatoa mpaka wati 75. Zikafika. Nikachukua mashine nyingine nyembamba iliyokuwa dukani, nikachomeka, mfuniko haufungi. Kadi ni ndefu kwenda juu. Mashine nyembamba inataka kadi yenye kimo kifupi, na mimi nilipima kila kitu isipokuwa hicho.

Ikabidi nimwambie kaka ukweli wote, kwamba nilimuuzia kitu nisichokijua. Tukakubaliana arudishe zile tatu, nimpe za tawa, zile pana, zikiwa na kadi ndani, na yeye aongeze 50,000 kwa kila moja. Tawa ziligharimu 120,000 zaidi kwa zote tatu, kadi 270,000, nauli za kupeleka na kurudisha 45,000. Jumla 435,000, yeye akaongeza 150,000. Kwa hiyo 285,000 ikatoka kwangu, wakati faida niliyoitegemea ilikuwa 210,000. Zile nyembamba zilikuja kununuliwa taratibu na watu wa steshenari za Malimbe, na huko ndiko zilikotakiwa kwenda tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo siposti mashine sijaicheza. Naweka programu ya MSI Afterburner inayoonyesha namba ya fremu kwenye kona ya skrini, nacheza dakika kumi, narekodi kwa simu bila kukata. Dakika kumi kwa sababu mashine ikipata moto ndiyo inaonyesha tabia yake. Kisha naandika gemu gani, ukubwa gani wa picha, setingi ipi, fremu ngapi. Na chini naandika neno HAIPIGI, halafu nataja gemu zinazoishinda. Mwanzoni niliogopa hilo neno litafukuza wateja. Kilichopungua ni wale wa "bei ya mwisho" halafu wanapotea.

Mambo mengine mawili matatu ambayo mteja wa gemu hajui kuuliza, kwa hiyo mwambie wewe. i7 peke yake haina maana. i7-2600 ni ya mwaka 2011, kwenye namba za tarakimu nne kama hii, angalia ya kwanza baada ya mstari, hicho ndicho kizazi. Kama mashine haina kadi, RAM mbili za 4 ni nzuri kuliko moja ya 8, gemu zinapata nafuu inayoonekana. Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8, kwa hiyo usimuahidi mtu. Na ukinunua kadi mkononi mwa mtu, fungua GPU-Z kwanza. Kuna kadi za zamani zimebadilishwa jina zijiite 1050 Ti, na hiyo programu nyingi inazikamata, inaandika FAKE pale juu.

Kuhusu kusafirisha: kadi itoe, ifunge peke yake. Ikiachwa ndani inaning'inia, matuta ya barabarani yanaimaliza. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa Sengerema na Geita hausubiri tena foleni ya kivuko, lakini matuta ni yale yale.

Kuna jambo lingine halipo YouTube kabisa. Miezi miwili baadaye kaka wa Nansio akapiga simu, mashine inajizima usiku. Nikamwambia afungue mfuniko anionyeshe kwa video. Wadau, feni ilikuwa haionekani. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kama moshi na kufuata taa, walikuwa wamejaa mpaka kwenye fini za kupoozea, wamekauka. Chumba kiko mwaloni, dirisha wazi, taa inawaka mpaka usiku wa manane. Nikamwambia aweke neti ya chandarua dirishani, asije akaivalisha mashine maana itakosa hewa, mashine zitoke sakafuni, na kila Jumapili apige brashi kavu umeme ukiwa umezimwa. Sasa kila anayenunua namuuliza mashine itakaa wapi. Akisema mwaloni, brashi naweka ndani ya boksi, ya 2,000 tu.

Kaka sasa ana mashine nne. Wiki iliyopita ameulizia ya tano, nikamtajia bei. Akajibu, "Dogo, tuma video kwanza. Na ufungue mfuniko nione ndani." Nimetuma, ina dakika kumi na mbili, bado anaiangalia.