Paja Linapogoma Kilimani

Misuli minne ya mbele ya paja ndiyo inayonyoosha goti na kusukuma pedali chini. Ile ya nyuma ya paja na ya makalio husaidia kwa kunyoosha nyonga. Kwenye vilima vya Ufipa kazi hiyo huja kwa vipindi. Mwendesha baiskeli wa Kizwite, mjini Sumbawanga, hukaza kwa nguvu zote kupanda, huvuta pumzi akiteremka, kisha hukaza tena, na kila kilima humkuta na nguvu pungufu hata kama moyo umekwisha kutulia.

Sababu ya kwanza imo ndani ya msuli wenyewe. Msuli hukazwa na nishati ya ATP, ambayo akiba yake hutosha sekunde chache tu. Fosfokreatini, kemikali nyingine iliyomo msulini, huijaza upesi, lakini nayo haidumu. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1993, wanaume walikanyaga baiskeli kwa nguvu zote awamu 10 za sekunde 6, wakipumzika sekunde 30 katikati. Awamu ya kwanza pekee ilikula zaidi ya nusu ya fosfokreatini ya paja. Kufikia ya kumi, nguvu ilibaki asilimia 73 ya ile ya mwanzo. Asidi ya laktiki, ambayo wengi huilaumu, imesingiziwa mno: fosfati inayobaki fosfokreatini inapovunjika huonekana kudhoofisha msuli zaidi.

Sababu ya pili iko kwenye amri za ubongo. Elektrodi zikibandikwa juu ya ngozi ya paja hunasa umeme wa msuli unaoamshwa na amri hizo, na awamu zinapoongezeka umeme huo nao hupungua, ingawa si kwa kiasi nguvu inavyoshuka.

Mwinuko huongeza ugumu. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi huko ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Fosfokreatini hujengwa upya kwa msaada wa oksijeni, kwa hiyo mgeni kutoka pwani huchoka mapema kuliko mwenyeji aliyezoea. Tena ujenzi huo ni wa polepole popote pale: baada ya sekunde 30 za kukanyaga kwa nguvu zote, hata dakika 6 hurudisha akiba hadi asilimia 85 hivi tu. Anayetaka kujenga kasi apumzike dakika kadhaa kati ya awamu na awamu. Anayepumzika nusu dakika anazoeza ustahimilivu, na hilo ni zoezi jingine.