Maji masafi nayo huua samaki

Juma hili tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini limewapotezea wengi fedha na furaha. Kijana mmoja wa Nyaishozi, kule Karagwe, mwenye mgahawa mdogo kando ya barabara, alitaka kuwapendezesha wateja wake. Akaleta tangi la kioo la lita 100, akalijaza maji ya mvua, masafi kabisa, na siku hiyo hiyo akatia samaki 12. Siku ya tano walikuwa wanahema juu ya maji. Siku ya tisa alibaki mmoja. Majirani wakasema ameuziwa samaki wagonjwa.

La hasha! Samaki wale walikufa kwa sumu waliyoitoa wenyewe.

Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua na kinyesi, na chakula kinachobaki huoza na kuiongeza. Katika Ziwa Burigi maji ni mengi, na sumu hiyo hupotea. Ndani ya kioo haina pa kwenda, hivyo huunguza matamvua mpaka samaki ashindwe kuvuta hewa.

Wanaowaokoa samaki ni bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho. Kazi yao ilielezwa mnamo 1890 na mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwani huingia katika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni kidogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Taabu ni kwamba tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Aghalabu huhitaji majuma 4 hadi 6 kuongezeka, na penye baridi, kama kwenye vilima vya Karagwe, huweza kuchukua muda mrefu zaidi.

Basi afanyeje mwenye tangi jipya? Kwanza, atie maji, changarawe na chujio, awashe pampu ya hewa, lakini asitie samaki. Kila siku anyunyize chembe chache za chakula cha samaki zioze. Akiwa na vipimo, atasubiri mpaka amonia na nitriti zipande, kisha zote mbili zishuke hadi sifuri. Hapo ndipo alete samaki, wachache wachache.

Pili, akimfahamu mtu mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, aombe kipande cha sifongo cha chujio lake. Bakteria hawaelei tu majini, bali hushikamana na sifongo na mawe. Ni kama kuomba kaa la moto kwa jirani. Kwa sababu hiyo, asioshe chujio kwa maji ya bomba yenye klorini, maana atawaua. Aliogeshe kidogo katika maji yaliyotolewa tangini.

Tatu, ayajue maji yake. Ya bomba yenye klorini ayaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima. Ya mvua yana upungufu wa chokaa. Bakteria wakifanya kazi maji huzidi kuwa na asidi, na pasipo chokaa ya kuipunguza, kazi yao husimama. Ayachanganye na maji ya kisima, au atie makombe ya konokono.

Na aliyekwisha kutia samaki? Apunguze chakula, na abadilishe robo ya maji kila baada ya siku moja au mbili.

Pengine msikilizaji atasema huu ni mchezo wa watu wenye nafasi. Tukumbuke furu wa Ziwa Victoria. Baada ya sangara kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, furu walipungua vibaya sana miaka ya 1980, na wataalamu walikadiria kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Baadhi ya aina ziliendelea kuzaliana katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, mikononi mwa watu walioijua kazi hii ya kungoja.

Kijana wetu wa Nyaishozi bado ana tangi lake na samaki mmoja. Asilimwage lile maji, wala asikimbilie kununua wengine. Subira yavuta heri.