Waliokataa binti zao wachanjwe waliulizwa sababu

Kagongwa. Siku wahudumu wa afya walipofika shuleni na chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, binti wa shangazi yangu hakuonekana darasani. Mama yake alimbakiza nyumbani.

Shangazi anauza mchele hapa Kagongwa, mji wa biashara katika Manispaa ya Kahama unaojulikana kwa mashine za kukoboa mpunga. Nilipomtembelea nilimwamkia, tukazungumza ya nyumbani, kisha nikamuuliza kuhusu siku ile.

"Mwanangu, walisema sindano hiyo inafunga kizazi. Binti ninaye mmoja tu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Habari hiyo aliisikia mashineni. Shule iliitisha mkutano wa wazazi, lakini siku hiyo magunia yake yalikuwa kwenye foleni ya kukobolewa, hakwenda.

Kwa kuwa ninaandika habari za afya, nusura nianze kumhubiria. Nikakumbuka utafiti uliofanyika jirani tu, Mwanza, nikanyamaza na kumsikiliza.

Walivyoulizwa Mwanza

Mwaka 2010, miaka minane kabla Serikali haijaanza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima, watafiti waliijaribu katika shule za msingi 134 mkoani Mwanza. Aliyeongoza kazi hiyo ni Profesa Deborah Watson-Jones wa Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London, akishirikiana na wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Wasichana wengi walichanjwa, wengine hawakuchanjwa. Badala ya kuwaita hao wa pili wakaidi, watafiti waliwafuata na kuwauliza kilichotokea.

Katika shule 39 walihoji wasichana 159 waliokosa chanjo pamoja na wazazi au walezi wao, kisha wakawalinganisha na wasichana 245 waliochanjwa na wazazi wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012.

Ilionekana kuwa uwezekano wa binti kukosa chanjo ulikuwa mkubwa zaidi kama mzazi ana umri mkubwa, ana mali chache nyumbani, hakuhudhuria mkutano wa shule, au hamjui mtu yeyote aliyewahi kuugua saratani.

Waliokataa kwa kauli yao walitaja hofu ya madhara ya chanjo na hofu ya ugumba. Maneno yao yalikuwa yaleyale ya shangazi.

Lakini kuna jibu ambalo kila mzazi na kila mwalimu angepaswa kulifahamu. Walipoulizwa kama wangekubali chanjo ikiletwa tena, asilimia 97 ya wazazi wa wasichana waliokosa walisema ndiyo. Kwa wasichana wenyewe ilikuwa asilimia 93.

Ndiyo maana watafiti walishauri kwamba hofu ya uzazi ijibiwe mapema, kabla chanjo haijapelekwa nchi nzima, na kwamba aliyekataa mara ya kwanza apewe nafasi ya kufikiri upya.

Hofu ya kizazi

Hofu hii haikuanzia Kagongwa. Mwaka 2003 jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio kwa uvumi kwamba inawafanya wasichana wagumba. Polio ilisambaa hadi nchi ambazo zilikuwa zimeshaitokomeza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitaja hali ya watu kusitasita kuchanjwa kuwa miongoni mwa vitisho kumi vikubwa vya afya duniani.

Kitaalamu, chanjo ya HPV haifungi kizazi. Inaufundisha mwili kupambana na virusi vya HPV, hasa aina ya 16 na 18, ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, kwa kuwa mara nyingi tiba yake ni kuondoa kizazi au kupigwa mionzi. Hapa Tanzania inakadiriwa kuwa wanawake zaidi ya 10,000 hupata saratani hiyo kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki dunia.

Kutoka dozi tatu hadi moja

Jaribio la mwaka 2010 lilitumia dozi tatu. Mwaka 2017 Profesa Watson-Jones na wenzake walianza utafiti mwingine hukohuko Mwanza, safari hii kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ili kuona kama dozi moja inatosha kuujengea mwili kinga. Matokeo yake ni sehemu ya ushahidi uliotumika mwaka 2022, WHO iliporuhusu nchi kutumia dozi moja.

Tanzania, iliyoanza na dozi mbili Aprili 2018, ilihamia dozi moja mwaka 2024. Kwa mama wa Kagongwa hiyo ni safari moja tu ya kuacha biashara yake.

Kama binti yako ana miaka 9 hadi 14 na hajachanjwa, nenda naye zahanati au kituo cha afya ukaulize. Chanjo hii ni bure. Swali linalokusumbua usilimalizie mashineni wala kisimani, mpelekee muuguzi. Na wewe mama, pima mlango wa kizazi, kwa kuwa dalili huchelewa kujitokeza.

Nilimweleza shangazi haya yote taratibu. Alikaa kimya kidogo, akasema kumbe angeuliza tangu siku ile.

Jumatatu iliyofuata alifunga kibanda asubuhi, akamshika binti yake mkono wakaenda zahanati. Maswali yake alikuwa amemwandikisha binti huyo kwenye daftari la shule. La kwanza lilikuwa la kizazi.