Kuhamia Karatu kwa Ajili ya Shule (2): Mtoto Akishapata Nafasi

Juma lililopita tuliishia kwenye barua ya uhamisho. Leo namfuata mtoto mwenyewe hadi chumbani anakolala.

Januari moja, sokoni Karatu, nilimwamkia mzee aliyeshuka kutoka Nainokanoka, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Aliitikia, kisha akaniuliza: "Mwalimu, huyu binti nimpangie chumba, au tuhame wote?" Binti alikuwa nyuma yake, amekumbatia madaftari mapya, viatu vimemzidi mguu.

Kuhama wote si rahisi kwa mfugaji. Ng'ombe hawafugwi kwenye chumba cha kupanga. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, watu huishi na mifugo yao bila kulima, na shule za sekondari ni chache, maboma mengi yakiwa mbali nazo. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini kodi, unga, mkaa na sare bado ni mzigo wa mzazi. Basi mara nyingi huuzwa ng'ombe, na mtoto huhamishwa peke yake.

Hapo ndipo ninapoogopa. Chumba hicho cha kupanga wanafunzi hukiita geto. Msichana wa miaka 14 anarudi jioni, anawasha jiko, anapika, anafunga mlango, hana wa kumuuliza amekula nini wala nani alibisha hodi. Kama bweni lipo, chagua bweni. Kama halipo, mtoto asiende bila mtu mzima wa nyumbani.

Halafu kuna lugha, na wazazi wengi hawalioni jambo hili. Mtoto huyu amelelewa kwa Kimaasai, akasoma msingi kwa Kiswahili, na sasa anafundishwa baiolojia kwa Kiingereza. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzake wengi wanacheka na kutaniana kwa Kiiraqw. Akinyamaza, mwalimu asiyemjua atamwona mzito. Si mzito; anatafsiri mara mbili kabla ya kunyoosha mkono. Mzazi aende amwone mwalimu wa darasa mapema, amweleze hivyo kwa kinywa chake, na aombe mtoto akalishwe mbele, karibu na mwenzake anayejua Kimaasai.

Na ukitaka kumhamisha, usimhamishe katikati ya kidato cha pili. Upimaji wa kitaifa huja mwishoni mwa mwaka, na asiyefikia kiwango hukariri darasa.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kusema amekata shauri gani. Wiki mbili baadaye nilipita mtaa alikompangia binti chumba. Nje ya chumba alikaa bibi kizee kwenye kigoda, kibuyu cha maziwa pembeni, akitazama njia ya shule. Saa kumi na nusu binti alitokea kwenye kona, akamwita bibi yake, "Koko!" na kuanza kukimbia.