Mstari wa Bima na Kimbunga cha Julai Mosi

Mikataba mingi ya bima ya boti za matanga huko Karibiani ina sharti ambalo manahodha wanalijua kwa moyo: msimu wa vimbunga ukiingia, chombo kiwe kimeshashuka kusini ya latitudo fulani, la sivyo fidia isidaiwe. Mstari wenyewe hutegemea kampuni. Wapo wanaouweka nyuzi 12 na dakika 40 kaskazini ya ikweta, wapo wa nyuzi 12 kamili, na waoga zaidi hushuka hata chini ya 11. Tarehe nayo ni hivyo hivyo. Wengine huanza kuhesabu Juni 1, msimu unapofunguliwa rasmi. Wengine huvumilia hadi Julai 1.

Kimbunga Beryl kilitua Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi ya Grenada, Julai 1, 2024. Carriacou iko nyuzi 12 na dakika 28 hivi. Kwa wenye ule mkataba wa dakika 40, basi, boti iliyotia nanga hapo siku ile ilikuwa mahali pake na kwa wakati wake.

Ili kuelewa hasara iliyofuata, lazima kwanza kujua kwamba kungojea ni biashara kubwa kusini mwa Karibiani. Kila Mei na Juni mamia ya boti huteremka kutoka visiwa vya Virgin, Antigua na Martinique, zikielekea Grenada na Trinidad kukaa hadi Novemba 30. Wenyewe wengi hupanda ndege na kurudi Ulaya, Marekani au Kanada. Chombo huinuliwa kwa kreni na kuwekwa nchi kavu juu ya magogo na mihimili ya chuma, na bili huhesabiwa kwa futi za urefu. Hapo ndipo mafundi wa huko wanapopata kula yao: wapaka rangi, washona matanga, mafundi mitambo, wataalamu wa kuziba nyufa za faibaglasi, walinzi, madereva wa teksi. Miezi ambayo hoteli za pwani hulala usingizi, gudi za boti ndizo zinazolipa mishahara.

Grenada ilijifunza mapema kwamba mstari wa karatasi hauzuii upepo. Septemba 2004 kimbunga Ivan kiliipiga nchi hiyo na kuharibu nyumba karibu 9 katika kila 10. Boti zilizokuwa nchi kavu ziliangukiana kama kete za dhumna. Tangu hapo gudi zinazojiheshimu hufunga kila chombo kwa mikanda mizito iliyoshikizwa kwenye nanga za ardhini. Mteja aliye tayari kulipa zaidi hushusha mlingoti kabisa, maana mlingoti mtupu, hata bila tanga, hushika upepo na kuiyumbisha boti mpaka mihimili itoke. Wengi hawalipi. Kushusha mlingoti na kuurudisha ni gharama kubwa, na kwa desturi ya visiwa vile Juni ni mapema mno kwa kimbunga cha maana.

Beryl kilikuja kabla desturi hiyo haijaisha. Juni 28 kilikuwa mkusanyiko wa mvua na upepo katikati ya Atlantiki. Baada ya saa 42 tu kilikuwa tayari kimbunga kikubwa, na Juni 30 kilifika daraja la 4, jambo ambalo kumbukumbu za bahari hiyo hazikuwahi kulionyesha mwezi Juni. Bahari ilikuwa na joto la Septemba. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikuwa imetabiri Mei kwamba msimu ungezaa tufani 17 hadi 25 zenye majina. Onyo hilo lilikuwepo, lakini kreni moja huinua boti chache tu kwa siku, na foleni haijali utabiri.

Aliyekosa zamu alibaki na njia mbili. Ya kwanza ni kukimbilia Trinidad, safari ya usiku mzima ya kama kilomita 150 kutoka Grenada. Ya pili ni kujificha kwenye mikoko ya Tyrrel Bay, upande wa magharibi wa Carriacou, maficho yaliyosifika kwa miaka mingi. Huko boti husukumwa omo ndani ya hori, kamba zikatandazwa kwenye mikoko kila upande kama utando wa buibui, nanga zikatupwa tezi, matanga na sola zikavuliwa. Ni kazi ya siku nzima kwenye matope na mbu. Kasoro yake ni jirani: ukifunga kamba 12 na mwenzako akafunga 4, chombo chake ndicho kitakachokuvunja.

Upepo wa kilomita 240 kwa saa haukubagua. Boti zilirundikana juu ya mikoko, nyingine zikiwa zimepinduka, na mikoko yenyewe ikabaki vijiti vitupu. Waziri Mkuu Dickon Mitchell alisema karibu asilimia 98 ya majengo ya Carriacou yaliharibiwa au kubomolewa. Kusini mwa Grenada, umbali wa kilomita 60 hivi, boti nyingi zilisalimika.

Mwenye bima husubiri mpimaji, kisha hukatwa kile kiasi ambacho mkataba humtaka abebe mwenyewe, na kwa tufani yenye jina kiasi hicho hupandishwa makusudi. Mvuvi kwa kawaida hana hata hilo la kulalamikia. Barbados, ambako jicho la Beryl lilipita mbali kusini, mawimbi pekee yaliharibu boti za uvuvi zaidi ya 200, nyingi zikiwa zimejibanza kwenye bandari ya wavuvi ya Bridgetown. Hata hivyo, tangu 2019 Grenada na Saint Lucia zina bima ya wavuvi iitwayo COAST, inayolipa kwa vipimo vya upepo, mawimbi na mvua bila kungoja mpimaji. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bidhaa ya maana kuliko zote katika soko hili, na ndiyo inayotangazwa kidogo.

Serikali nazo zilijaribu karatasi zao. Grenada ililipwa na mfuko wa pamoja wa bima wa Karibiani, CCRIF, takriban dola milioni 44, na Agosti ikatumia kipengele cha kuahirisha malipo ya hati zake za mkopo, kilichoingizwa kwenye mikataba ya 2015. Jamaica, ambayo Beryl kiliikumba baadaye, haikubahatika: hati yake ya maafa ya dola milioni 150 haikulipa hata senti, kwa sababu mgandamizo wa hewa haukushuka hadi kiwango kilichoandikwa.

Katika kijiji cha Windward, Carriacou, boti za mbao bado huundwa kwa jicho, bila mchoro, kama mafundi wa Lamu wanavyounda mashua. Bima nyingi hazipendi vyombo vya mbao. Mataruma ya boti hizo za Windward huchongwa kutoka matawi yaliyopinda yenyewe ya mwerezi mweupe unaoota kisiwani, na baada ya Julai 1 vilima vya Carriacou vilikuwa vya kahawia, miti mingi imelala.